Mlingoti Uliomwagiliwa Maji

Asubuhi, ukungu wa Wisconsin uliposhuka kilimani, vijana wa kambi ya kupanda miti walionekana nusu nusu: kofia na mabega yakielea, miguu haipo. Delmer Fitch aliipenda saa hiyo. Kwao Oklahoma hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mama yake siku hizi aliona majani mabichi ndotoni tu.

"Nitakupandia msonobari mmoja," alimwandikia. "Utaishi."

Lakini miche yake haikushika. Nyapara Halvorsen, mkata magogo mzee, alipita nyuma ya mstari akiinama hapa na pale, akivuta mche kwa vidole viwili. Ukigoma, aliguna, akasonga. Wa Delmer uling'oka kama unyoya.

"Huu umeufunika shuka, kijana, hukuupanda; udongo hukuukanyaga. Ni wa pili. Wa tatu ukitoka, unakwenda jikoni kumenya viazi mpaka muda wako uishe."

Delmer aliuokota mche. Angemwelezaje? Kwao udongo ukiukanyaga unaamka, unaruka, unaondoka na shamba. Alizoea kuupitia kwa kunyata, kama chumba alimolala mtoto mchanga.

Jioni Kaz Nowak, mcheshi wa bweni, mzaliwa wa Chicago, alimtupia ndoo.

"We Vumbi! Hapa mgeni ndiye anayemwagilia mlingoti wa bendera. Usipochipua kufikia Jumamosi, shauri yako."

"Ule si mti mkavu, Kaz?"

"Ndiyo maana una kiu, ndugu yangu!"

Bweni zima likaangua kicheko. Delmer alijua anachezewa. Alimwagilia hata hivyo, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kupewa maji ya kumwaga bure. Kila jioni alisimama pale, ndoo baada ya ndoo, akisikiliza ardhi ikinywa. Ijumaa alichomeka chini ya mlingoti mche mmoja uliokatika ncha, wa kutupwa, akaumwagilia pia. Akauzunguka polepole kwenye tope, akili iko mbali, kwa mama.

Jumamosi, wamejipanga chini ya bendera, Kaz alipiga ukelele. "Jamani! Umechipua!"

Halvorsen alisogea. Akainama, akavuta kwa vidole viwili. Akavuta tena, kwa mkono mzima.

"Nani kaupanda?"

"Vumbi, mzee," alisema Kaz, na safari hii hakucheka.

Delmer alitazama chini. Kuuzunguka mche wote kulikuwa na alama za visigino vyake, zimezama, zimetulia. Ardhi ilikuwa imekanyagwa, na haikwenda popote.

Kilimani, ukungu ukiwa bado magotini, alifukia mizizi, akainua mguu, akafumba macho. Akakanyaga. Akasubiri upepo mwekundu.

Kimya. Nyuma yake mtu aliinama, akavuta.

Akaguna, akasonga.