Manowari Sebuleni

"Wenzako waume zao wakisafiri hufuga kuku," wifi yake alimwambia siku moja, amesimama mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni. "Wewe umeona ufuge manowari."

Mama Meno alicheka bila kuinua uso. Alikuwa ameshika kwa koleo kipande cha waya chembamba kama uzi, anakikunja kiwe kizuizi cha sitaha, kile chuma cha pembeni ambacho mabaharia hukiegemea wasitumbukie majini. Waya wenyewe ulikuwa wa kazini. Yeye alikuwa fundi wa meno ya bandia, na waya huo ndio unaoyashika meno yasimtoke mtu akicheka. Chumba cha nyuma cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: meza chini ya dirisha, ndoo ya plasta, nta ya rangi ya ufizi, na mashine ndogo ya kusugulia iliyolia kama mbu. Kazi za wateja zikiisha, meza hiyo hiyo inageuka kuwa gati.

Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye manowari yenyewe, ile kubwa. Wenzake wa melini walimbandika jina la Grisi, na jina likamfuata hadi nyumbani, sawa na harufu ya dizeli iliyogoma kutoka kwenye mashati yake hata yafuliwe vipi. Mama Meno aliolewa akijua kazi ya mwenzake, hakudanganywa na mtu. Ila hakujua jinsi kitanda kinavyoweza kuwa kipana. Mume alimpata kwa likizo tu. Akija, kwanza analala kama gogo. Akishaamka anakaza kila kitasa kilicholegea, na kabla mke hajamzoea, mtu ameanza kuutazama mkoba wake. Binti yao wa pekee alishaolewa na kwenda zake. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na meno ya watu.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuweza kumwona mumewe hata kichwani. Mtu akiwa mbali, aliyebaki humfuata kwa mawazo: sasa anakula, sasa amejinyoosha kidogo. Yeye hakuwa na pa kumweka. Meli ilifunga gati bandari ya jeshi, ambako raia havuki geti. Alichokuwa nacho ni picha kubwa ya kalenda iliyoionyesha ubavuni, mpya, inang'aa, povu jeupe mbele yake.

Ndipo alipoanza. Aligundisha mbao laini moja juu ya nyingine, akazichonga na kuzipiga msasa mpaka zikapata umbo, urefu wa mkono wake kuanzia begani hadi ncha za vidole. Vyumba vya juu alivijenga kwa plastiki. Mizinga aliitoa kwenye mirija ya sindano. Mumewe akipiga simu, alichomeka maswali katikati ya habari za nyumbani.

"Eti, lile bomba la moshi limesimama wima au limelala kidogo kwa nyuma?"

"We mama," Grisi alishangaa, "badala ya kuniuliza kama nimekula, unaniuliza bomba?"

"Umekula?"

"Nimekula. Limelala kidogo."

Alitaka amshtukize. Siku mume alipokuja likizo, manowari ilikuwa juu ya kabati la sebuleni, imepakwa kijivu chake chote, safi kama sahani ya wageni. Grisi aliingia, mkoba ungali begani. Akaiona. Akasimama pale pale kwenye zulia la mlangoni.

"Hii nini?"

"Meli yako."

"Naiona kwamba ni meli yangu. Inafanya nini hapa?"

Mama Meno alikuwa bado anatabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilianza kukosa pa kukaa. "Nimeitengeneza. Kwa mikono yangu."

Grisi aliweka mkoba chini taratibu. "Mke wangu, sikatai, kazi ni nzuri. Lakini mimi huko ndiko nimetoka. Naisikia inanguruma kichwani hadi nikiwa naoga. Nimepanda basi kuikimbia, nafika kwangu naikuta imenitangulia, tena imekaa kwenye kiti kizuri."

Walicheka wote wawili, maana maneno yalichekesha. Lakini baada ya chakula mke aliifunika meli kwa shuka, akaibeba kama mtoto aliyelala na kuipeleka karakana, juu ya rafu. Huko nyuma, mlango ukiwa umefungwa, aliwasha mashine ya kusugulia ingawa hakuwa na jino la kusugua, ili asisikike akivuta kamasi. Alitaka kumwambia: sikuitengeneza kwa ajili yako, niliitengeneza ili nipate pa kukutafuta. Hakumwambia. Likizo ilikuwa fupi, na hakutaka kuipoteza kwa maneno.

Miaka ilikwenda. Kisha meli ikastaafishwa. Ilikuwa imechoka, wakubwa wakaona kuitengeneza ni kutwanga maji, na Grisi, ambaye naye alikuwa amefikia umri, akastaafu pamoja nayo. Alirudi na masanduku mawili. Mama Meno alifunga kazi kwa siku kadhaa. Alinunua shuka mpya. Kila alipopita mlango wa chumbani na kuona viatu vyake chini ya kitanda, viatu ambavyo havikuwa na safari tena, moyo ulimruka.

Ajabu ni kwamba mume mwenyewe hakuwapo. Mwili ulikuwepo, unakula na kuitikia. Lakini ukimwita lazima umwite mara mbili. Alikuwa analala vibaya. "Nyumba hii imenyamaza mno," alisema asubuhi moja, macho mekundu. "Kule mtambo ukinyamaza, ujue kuna balaa. Sasa hapa kila nikishtuka nasikia kimya, moyo unanienda mbio." Alishikashika vitu, akafungua pampu ya kisima iliyokuwa nzima, akaifunga. Halafu akaanza kutoka. Anaondoka akishapata chai, anarudi jua limepoa, na hasemi alikokuwa.

Wifi yake ndiye aliyeleta habari. "Ni kaka yangu, na sipendi umbea," alianza, na Mama Meno akajua umbea umefika. "Lakini anashinda pale mashineni, kwenye kusaga nafaka. Kila siku. Na pale anayepokea magunia ni mjane, tena ana sauti nyororo. Mimi sijasema kitu."

Mama Meno alivua aproni, akajitanda, akaenda. Njiani alijiambia kwamba haendi kupigana, anakwenda kuona tu. Miguu yake ilikuwa na maoni mengine. Alifika mashineni anahema. Yule mjane alikuwa mlangoni akipima mtama wa mteja, akamwonyesha kwa kidevu: nyuma.

Nyuma ya kibanda, mahali injini ya dizeli ilipofungwa kwenye saruji, Grisi alikuwa ameketi juu ya gunia tupu. Mgongo kautegemeza ukutani, macho kayafumba, kiganja kakiweka kwenye saruji inayotetemeka. Vumbi la unga lilikuwa limemtanda kwenye nywele na mabegani. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa, uso ambao mkewe hakuwahi kuuona tangu arudi, na pengine hata kabla ya hapo.

Hasira ikamwishia palepale, ikamwachia kitu kizito zaidi. Aliijua hali ile. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akikaa karakana miaka yote, ameshika kipande cha waya, anasikiliza mtu asiyekuwepo. Hakumwita. Aligeuka, akampa yule mjane salamu ya heshima zaidi kuliko alivyokuwa amekusudia, akarudi nyumbani.

Grisi aliporudi jioni ile alikuta meza ya karakana imesafishwa, taa ya kazi imeinamishwa, na chini yake manowari bila shuka. Mke alikuwa amevuta kiti cha pili.

"Kaa," alimwambia. "Uniambie nilipokosea."

Alikaa kwa shaka, kama mgeni. Aliitazama meli kuanzia omo, pale mbele inapopasua maji, mpaka mwisho wa sitaha ya nyuma. Kidole chake kilifuata bomba la moshi bila kuligusa.

"Hujakosea kitu," alisema mwishowe. "Ila hii siyo yenyewe. Hii ni ile ya kwenye kalenda. Yetu ilikuwa imechoka, mama. Ilikuwa inalia kutu."

"Basi tuilize. Mimi sijawahi kuiona. Nitajuaje kutu yake ilianzia wapi?"

Kuchakaza kitu kipya kwa makusudi ilikuwa kazi aliyoielewa. Mzee akitengenezewa meno meupe kama karatasi, mtaa mzima utajua ni ya dukani. Lazima umtie umanjano kidogo, na ufa mwembamba pale ambapo angekuwa ameng'ata miaka yote. Akatoa rangi zake. Alipaka kahawia ya kutu sehemu alizoonyeshwa, akaikinga kwa vanishi nyepesi, akanyunyiza chembe za chumvi kabla haijakauka, kisha akapiga kijivu juu ya kila kitu.

"Sasa umeificha," Grisi alilalamika.

"Subiri, baba. Unavyopenda kulalamika utafikiri umelipa."

Rangi ilipokauka alichukua mswaki mkavu, akaisugua ile chumvi. Ilibanduka na kijivu chake, na mahali pake pakabaki madoa ya kutu, yamechanika kingo, kama ngozi ya meli iliyovimba na kupasuka yenyewe. Grisi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Loo," alisema. Basi.

Tangu hapo hakwenda tena mashineni. Wakawa wanakaa pamoja mchana, dirisha likiwa wazi, mume akisema, mke akipaka. Kutu ya tundu la nanga ilikuwa nene, inashuka kama ndevu. Masizi yaliegemea upande mmoja wa bomba. Mke alidondosha rangi iliyotiwa tapentaini, akaivuta chini kwa brashi iliyokaribia kukauka, na michirizi ikatelemka ubavuni. Kila doa lilikuja na habari yake: hapa mpishi alimwaga mafuta akalaumu wimbi, hapa waligonga gati, nahodha akanyamaza siku nzima. Mama Meno alisikia katika majuma machache mambo ambayo hakuwahi kuyasikia katika ndoa nzima.

"Na hapa nyuma," Grisi alionyesha kona ya sitaha, "hapa hakuna kutu. Hapa chuma kinang'aa. Rangi ilishatoka yote."

"Ilitolewa na nini?"

"Na viwiko vyetu. Tukikaribia nchi kavu, simu ilikuwa inashika hapa peke yake. Wote tunasukumana, kila mtu anataka kuegemea." Alikuna shavu. "Nilikuwa nakuja hata siku ambazo haishiki. Nasimama tu."

Mama Meno aliweka brashi chini. Aliushika ule waya alioukunja zamani, sehemu ile ile ya kona, akausugua kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kijivu kikatoka na waya ukang'aa. Alisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Meli ilikuwa karibu kukamilika simu ilipoita. Alikuwa baharia mmoja aliyefanya kazi na Grisi melini. Grisi alisikiliza, akisema "ehe" na "sawa, ndugu yangu" kwa sauti ya msibani. Alipomaliza aliiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

"Wameanza kuikata meli yetu," alisema. "Wameanzia omo."

Alitoka uani. Mkewe alimwona dirishani amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono katikati ya magoti, na akamwacha. Alijua kwamba kuna kilio ambacho mtu akikisogelea hukimbia kikamrudia mwenyewe ndani. Alimaliza jino la mteja, akapika, wakala.

Asubuhi Grisi alikuja karakana kabla ya chai. Alikaa mbele ya meli, halafu akaigonga ubavuni kwa ukucha, pale katikati.

"Humu ndani kuna nini?"

"Mbao. Nilichimba kidogo ili iwe nyepesi, nikafunika kwa sitaha."

"Mitambo haimo."

"Ningeijuaje? Picha ilikuwa ya nje."

"Miaka yangu yote nilikuwa humu," alisema. "Hapo juu nilikuwa napita tu. Nataka tuiweke mitambo."

Mama Meno aliitazama sitaha: vizuizi vyote vimesimama, madoa yamekauka vizuri, kila mchirizi mahali pake. "Itabidi tuikate. Tukipasue hiki chote. Na tukishaifunika tena, hakuna mtu atakayeiona hiyo mitambo yako."

"Wewe utakuwa umeiona."

Alimtazama mumewe. Nywele zilikuwa hazijachanwa, na macho yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa hapa, chumbani humu, yanamngoja. Alifungua droo, akatoa msumeno mdogo wa kukatia plasta, akapuliza vumbi kwenye meno yake. Akaugeuza ubavu wa meli kwenye mwanga na kuuweka msumeno juu ya sitaha, nyuma kidogo ya bomba la moshi.

"Haya, nishushe," alisema. "Ngazi inaanzia wapi?"

Grisi akasogeza kiti, akaanza kumwonyesha.