Sauti ya Celine Langoni

Siku ya tatu ya mzingiro wa polisi, Celine aliacha kuuza mboga mtaani Silanga, akatembea hadi Kawangware. Mume wake, Osewe, alikuwa ndani ya ua wa kanisa la kanzu nyeupe na waumini wengine arobaini. Walikataa watoto wao kuchanjwa surua. Watu wa afya walipokuja na askari, waumini walifunga lango la mabati, na jiwe kutoka ndani likampasua askari mmoja kichwa. Tangu hapo bunduki zilielekezwa langoni.

Celine naye aliwahi kuwa muumini, hadi mwaka uliopita, 1993, alipompeleka binti yao Amolo hospitalini. Amolo alipona. Kanisa lilimtenga Celine, na Osewe akahamia uani.

"Mathe, bwanako ashakuwa malaika ama bado?" kijana mmoja aliuliza katika umati uliojaa nje ya lango. Watu wakacheka.

Celine alipita katikati yao mpaka kwa inspekta aliyewaongoza askari.

"Mume wangu yuko ndani, afande."

"Basi mwambie atoke. Tunawaita siku tatu, hawajibu. Wanatudharau."

"Hapana. Wamefunga kwa maombi. Kwetu mtu akifunga haongei mpaka ngoma ilie Jumapili. Ngojeni tu."

"Nimeambiwa nimalize leo, mama. Shika hii. Muite."

Celine alishika kipaza sauti. Aliomba kwanza, macho wazi.

"Baba Amolo! Ni mimi. Mtoto anakuulizia kila siku. Toka tu, hawatakufanya kitu."

Kisha lango likafunguka kidogo, Osewe akatoka, miguu mitupu, kinyumenyume. Kanisani kwao hakuna anayeipa madhabahu mgongo mpaka afike barabarani. Mikono yake ilikuwa kifuani, imeshika msalaba wa mbao.

"Geuka! Onyesha mikono!" askari walimwamuru.

Osewe hakugeuka, wala hakujibu.

"Afande, ni desturi ya—"

Risasi mbili zikamwangusha Osewe. Ndani watu wakapiga mayowe, na bunduki zote zikalia.

Jumapili ngoma haikupigwa. Waumini waliobaki walimvisha Osewe kanzu mpya ya maziko, wakamkataza Celine kumgusa. Alisimama mbali, akiungama kwa Mungu. Kuhusu kufunga alimwambia inspekta, kuhusu ngoma pia. Kuhusu mgongo alisahau, mpaka alipomwona akitoka. Mwaka mzima alikuwa akitoka milangoni kama watu wengine.

Alirudi Silanga peke yake. Amolo alikuwa amekaa kizingitini.

"Mama, ulimuita baba?"

"Nilimuita."

"Alisikia?"

"Alisikia," Celine alisema.