Kibonge wa Kuazima

Jioni, wakishaosha vizimba vya panya, wafanyakazi wa maabara ya dawa za wadudu walikung'uta mabaki ya chakula mifukoni, wakaenda nayo nyumbani kulisha kuku. Yalitakiwa kuchomwa, maana yalitiwa dawa kidogo kidogo. Lakini ilikuwa nafaka safi, na panya walioila walinenepa tu.

Kuku wa Mama Kibonge, mmoja wa wafanyakazi hao, nao walinenepa. Mayai aliyala bintiye, Kibonge, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya wawili tu, na mama hakupenda mayai.

Nzi walianza kufa kila walipotua juu ya mtoto. Kisha mende. Mama akafagia.

Jirani akabisha hodi. "Shoga, niazime Kibonge. Kunguni wananila mpaka kope."

"Amelala."

"Ndiyo vizuri! Akalalie godoro langu."

Kunguni wakaisha. Tangu hapo Kibonge aliazimwa kama kinu. Alikalishwa juu ya magunia ya mwenye duka, wadudu wa mahindi wakaanguka. Alifungiwa bandani na mbuzi wenye kupe. Mama akirudi kutoka kazini alikuta nyumba kimya, hata nyenje hakuna. Alikula peke yake, akiangalia mlango.

Siku moja akampeleka kwa mtaalamu wa maabara. Huyo alimfinya mtoto shavu, akamfinya tumbo.

"Dawa imejikusanya kwenye mafuta, mama. Hata panya ni hivyo hivyo. Ikikaa humo haigombani na mtu."

"Itatoka lini?"

"Akikonda. Mafuta yakiyeyuka, inaingia kwenye damu. Panya tukiwanyima chakula ndipo wanapotetemeka. Usimwache akonde."

"Lakini watoto wakirefuka hukonda, daktari."

"Panya hatuwaachi wafike huko," alisema, akanawa mikono.

Kazini mama aliwaonya wenzake. Walikuwa wanajaza mifuko.

"Acha roho mbaya," mmoja akamwambia. "Wako kanawiri, unataka wetu wakonde?"

Wakacheka, wakafunga mifuko, wakaondoka.

Kibonge akarefuka. Gauni likampanda magotini, mashavu yakapungua. Mama alimfuata na sahani chumba kizima.

"Tonge moja tu, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

Jirani akachungulia mlangoni, nyuma yake wawili wengine wakisubiri zamu. "Tupe leo basi, shoga, kabla hajaisha."

Mtoto alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji, na maji yakamwagika. Mama akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaubana mapajani ili wasione unavyotetemeka.

"Leo tunakula," akasema.

"Hatuna haraka," jirani akajibu, akakaa kizingitini.