Mai Mara Tano

"Mai mai mai mai mai," alisema Baba, uji ukimchuruzika kidevuni, akacheka peke yake.

Nikaweka kijiko. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Bawshar, hapa Muscat, nilitaka kulia na nilitaka kuvunja kitu, na sijui kipi nilikitaka zaidi. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha Baba upande mzima wa kulia, kikamchukulia Kiswahili chake na Kiarabu chake chote, na sasa mzee wangu alikuwa akisema Kithai. Kithai, jamani! Jina langu, Shatha, silabi mbili tu, lilikuwa halimtoki.

Na harusi yangu ilikuwa Ijumaa ya pili yake.

Yalianzia Bangkok, tulikompeleka kutibiwa kama wanavyopelekwa wagonjwa wengi wa huku. Hospitali ilikuwa na binti wa kuwafundisha wagonjwa kusema tena. Alijaribu kila njia, wapi! Siku moja, kwa kuchoka, akaanza kushindana na mwenzake vitanza ndimi vya kwao. Lugha ile ni kama huimbwa: sauti ikipanda neno ni hili, ikishuka ni jingine kabisa. Mai hii mti, mai ile mpya, nyingine ni kukanusha, nyingine kuungua, na ya mwisho ni swali lenyewe. Mti mpya hauungui, au vipi? Basi Baba, ambaye tangu augue hatukumsikia hata "ah", akaudaka ule wimbo na kuurudisha wote: juu, chini, kuporomoka mara mbili, kisha kupanda. Tulipiga vigelegele wodini. Nilimkumbatia yule binti mpaka kitambulisho chake kikakatika kamba. Nilidhani Kiswahili kitafuata nyuma.

Kilichofuata ni kitanza kingine cha Kithai, cha bibi anayekula matunda mate yakimtoka.

Tuliporudi Muscat, Ami Murshid, mdogo wake Baba, akaja na rai yake. Alikunywa kahawa yake kwanza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Shatha mwanangu, nipeni mimi uwakala nikuoze. Kaka yangu hawezi. Mtamtia aibu mbele za watu."

"Ananioza baba yangu, Ami. Kwa mdomo wake."

"Mdomo upi, mwanangu?"

Nikamwondolea kikombe chake, nisije nikamkosea adabu. Dada zangu wawili aliwaoza Baba mwenyewe, kwa sauti iliyotufikia wanawake mpaka jikoni, na kila mmoja alilia aliposikia jina lake. Mimi kitinda mimba wake nikaolewe kwa sauti ya Ami? Haiwezekani.

Nikabuni hila. "Nimekuoza", neno la baba kwa bwana harusi, ni silabi tano, na mai ni tano. Kila siku baada ya alasiri nikamkalisha Baba mbele yangu nikamwimbia Kiswahili kwa wimbo wa Kithai: ni juu, me chini, ku na o zinaporomoka, za inapanda. Kuna siku alifika "ni-me". Nikamsogelea.

"Mai mai mai," akamalizia.

Alijua amekosea. Akaupiga mkono wa kiti, na machozi yakamlengalenga, naye si mtu wa machozi.

"Muache apumzike!" Mama akanikemea. "Una roho ngumu wewe!"

"Nna haki yangu, Mama!"

Nilimwanzisha tena. Ni. Me. Nilimchukia yule binti wa Bangkok, nikauchukia na ule mti wao mpya, uungue usiungue.

Ijumaa ikafika. Wanaume walijaa majlisi, sebule ya wageni, na sisi wanawake tukawa chumba cha pili. Nilikuwa na hina mpaka viwikoni, nimebandika sikio mlangoni kama mdaku.

"Haya mzee, tuko tayari," nikamsikia sheikh.

Mtu akakohoa. Mimi nikawa najisemea chini kwa chini, juu, chini, Baba, juu, chini.

"Sheikh, labda mimi..." Ami akaanza. Baba akatoa mngurumo ambao sikuwahi kuusikia, na Ami akanyamaza.

"Ishara yake inatosha," alisema sheikh polepole. Nikagandamiza sikio zaidi. Kisha nikamsikia Jaifar, bwana harusi wangu: "Qabiltu." Nimekubali.

Vigelegele vikapasuka. Nami bado nna sikio mlangoni, nauliza, "Kafanya nini? Nani kaona?"

"Ushaolewa, mwanangu," Mama alisema, akifuta macho. "Toka mlangoni."

Ami aliniambia Baba aliitikia kwa kichwa mara moja. Shemeji yangu akaapa ni mara tatu. Baba mwenyewe nilipomuuliza akanitazama tu. Tulipokuwa garini kwenda nyumba yetu mpya, Al Amerat, nikamgeukia Jaifar. Yeye ndiye aliyekaa na Baba goti kwa goti.

"Kichwa sikukitazama," alisema. "Nilikuwa na khofu. Alinishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaniminya."

"Kwa nguvu gani?"

Akaegesha gari kando ya njia, akanishika mkono, akaniminya.

"Sivyo," nikamwambia. "Mkono wa Baba naujua."

Akaminya tena, mpaka bangili zikaniingia nyamani.

"Zaidi," nikasema.