Fomu ya Chumba Namba Saba

Fomu zililetwa zikiwa zimeshajazwa. Hilo ndilo lililonikera kwanza. Kila chumba cha zahanati mpya ya Katelembo, ambayo ilikuwa bado haijajengwa, kilikuwa na karatasi yake: ukubwa, mlango, taa, maji, na chini kabisa mstari wa mtumiaji kuweka sahihi. Mtumiaji ni mimi, Nzilani, muuguzi ambaye amezalisha hapa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeniuliza chochote.

"Hapa tu, Sista," alisema Levi, mchoraji kutoka ofisi ya wasanifu majengo, akininyooshea kalamu.

Nilisoma fomu namba saba, ya chumba cha kuzalia. Mlango: sentimita themanini. Sinki: bafuni tu. Kioo cha kujitazama: kimoja. Friji ndogo ya vinywaji: moja.

"Levi, wamama wangu watakunywa soda wakisukuma?"

Akainama. Alikiri kwamba bosi wake alimwambia anakili fomu za hoteli waliyochora mjini, abadilishe majina ya vyumba tu. Nilicheka, kisha hasira ikanipanda. Nikamwambia atoe tepu yake apime upana wa kitanda changu cha kuzalia. Sentimita tisini na tano.

Mzee Makau, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikuwa amesimama mlangoni. "Sista, weka sahihi tu. Leo ndio mwisho. Ukikataa, hii mradi itapelekwa Kinanie, na watu wataniuliza mimi."

Niliogopa, sitaficha. Zahanati hiyo tumeiomba miaka sita. Lakini nje kwenye benchi alikuwa ameketi Kamanthe, mimba yake ina miezi minane. Mwaka juzi mtoto wake wa kwanza alitoka bila kupumua wakati mimi niko nje kwenye tangi, nachota maji. Niliporudi na mtungi nilikuwa nimechelewa, na mpaka leo naona aibu kumtazama usoni.

"Siweki," nilisema.

Nikakata friji, nikakata kioo. Nikaandika kwa mkono wangu: mlango sentimita mia moja na ishirini, sinki ndani ya chumba, hatua mbili kutoka kitandani. Kisha nikaipeleka fomu kwenye benchi, nikawasomea akina mama wa kliniki neno kwa neno. Kamanthe akaweka sahihi wa kwanza. Wengine tisa wakafuata. Asiyejua kuandika akatia kidole.

"Hapo ni pa mtu mmoja," Makau alifoka.

"Na chumba ni cha hawa wote. Peleka mradi Kinanie, mzee. Lakini kwanza mwambie Kamanthe kwa nini."

Makau alimtazama Kamanthe, naye Kamanthe akamtazama bila kupepesa. Mzee akavua kofia, akaenda kuketi mwisho wa benchi.

Levi aliichukua fomu, akaisoma, akatoa penseli mfukoni.

"Sista, hiyo maji iingilie ukuta gani?"

Nikampeleka ndani, nikamwonyesha.