Tao Lililopinda

Mimi ni fundi mwashi, na mjini kwetu wananiita Mshazari. Siwalaumu. Kuta zangu zinasimama, hilo hawawezi kukana, ila kila moja ina upande wake inaoupenda.

Shangazi yangu anaishi stesheni. Marehemu mumewe alikuwa mkuu wa stesheni, na treni zilipoacha kuja, Shangazi alihamishia kitanda chumba cha mizigo, akatundika pazia kwenye dirisha la tiketi, akatulia tuli. Sasa ikaja barua: jengo litabomolewa, labda mtaalamu wa majengo ya kale aone ndani yake kitu cha kuhifadhiwa. Kikipatikana, jengo litabaki na Shangazi atabaki nalo kama mtunzaji. Kisipopatikana, afungashe virago.

Mtaalamu alifika asubuhi, miwani moja puani na nyingine kifuani, rula ndefu kwapani. Shangazi akamzungusha kila pembe, mimi nikiwafuata nyuma. Alianza na kuta za mawe, zilizojengwa miaka mia moja iliyopita na bado zimenyooka. Mtaalamu akazigonga kwa kidole.

"Kazi ya juzi hii," akasema. "Wamelipua."

Nguzo za chuma za jukwaani, akakunja uso. Sakafu ya ofisi ya tiketi, akakunja uso zaidi. Shangazi alikuwa anatoka jasho la kukata tamaa. Kisha wakafika mlango wa chumba cha abiria, na mtaalamu akaangusha rula.

"Loh! Tao hili!"

Tao lile nililijenga mimi, mwaka juzi, baada ya lori la mbao kurudi nyuma na kuliangusha la zamani. Nilikuwa na homa, sikuwa na timazi ya kupimia wima, na matofali niliyaokota palipovunjwa choo. Ndiyo maana linaanza kwenda kushoto, linaghairi, linarudi kulia.

Mtaalamu akalipapasa, machozi yanamlengalenga. "Mama, hawa ndio walikuwa mafundi! Aliyejenga hapa alikuwa akizungumza na matofali."

Tangu nishike mwiko hakuna binadamu aliyewahi kusifia kazi yangu. Nikafungua mdomo, Shangazi akanikanyaga kwa kisigino.

"Aliyejenga alishafariki zamani sana, baba," akasema. "Hata babu yangu hakumkuta."

"Pole sana."

"Tumeshapoa."

Jengo likapona. Mtaalamu akataka jambo moja tu: mlango wa pili nao uwekewe tao kama lile. Akauliza kama mjini kuna fundi. Shangazi akanisukuma mbele.

Nikasema leo atanijua mimi ni nani. Nikanunua timazi, nikaloweka matofali siku nzima, nikapima mpaka macho yakauma. Siku ya sita nikarudi nyuma hatua kumi, nikalitazama. Lilikuwa limekaa sawasawa, kushoto na kulia hakuna cha kuzidiana. Sijawahi kujenga kitu kizuri kama kile, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mtaalamu akaja, akaangalia, akaniwekea mkono begani.

"Fundi, usivunjike moyo. Umejitahidi. Ila mikono kama ya yule mzee haizaliwi tena. Bomoa."

Nikabomoa. Kazi yenyewe ilinitesa, maana safari hii nilikuwa nimeweka saruji ya kutosha. Shangazi akaniletea maji ya kunywa, akakaa juu ya kifusi.

"Hili lilikuwa zuri kuliko lile," akaninong'oneza. "Mimi nimeliona kwa macho yangu."

"Basi nenda kamwambie kwamba yote mawili nimejenga mimi."

Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya nguo yake.

"Nimwambie, mwanangu, halafu nikalale wapi?"