Shafti ya Kilo Nne

Mjomba Evaristi aliipima shafti iliyokatika kwenye mizani ya maharage. Aliweka kipande cha kwanza, akaweka cha pili, akainama kusoma, akatangaza: kilo nne. Kisha akapiga hesabu kichwani. Chuma kilo nne, fundi naye apate chake, jumla elfu tisini. Akanipa hizo tisini, chenji nirudishe.

"Mjomba, labda tumpigie fundi kwanza," nilisema.

"Nimpigie ili anipandishie bei? Chuma ni chuma, Niragira."

Shafti hiyo ndiyo inayozungusha kinu cha mashine yetu ya kusaga hapa Runazi. Mashine ni ya mjomba, lakini ninayeiendesha ni mimi, mwaka wa nne sasa. Siku tano ilikuwa kimya. Wanawake walipita na mihogo yao mikavu kichwani, wakienda kusaga kwingine, na mjomba alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa mashine kutoka Nyakisasa aliyeahidi kufika Alhamisi. Akiikuta inasaga, mjomba hauzi. Akiikuta imelala, anauza, na mimi narudi kwenye jembe.

Jumanne asubuhi nilikuwa Biharamulo mjini, kwenye karakana ya fundi Yahaya, nimekumbatia kiroba chenye vile vipande.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sema kwa sauti, binti, hapa kuna kelele."

Nilimtolea vipande. Akavigeuza, akavipima na kipimo chake cha chuma, akakwaruza kutu kwa ukucha.

"Unataka nitengeneze mpya?"

"Ndiyo."

"Iweje?"

Nilirudia nilivyotumwa. "Mjomba anasema iwe sawasawa na hii kila mahali. Na ing'ae yote."

"Kila mahali?"

"Ndiyo."

"Laki na sitini."

Nilimpigia mjomba, na fundi akaniambia niweke sauti kubwa na yeye asikie.

"Laki na sitini!" Mjomba alipiga kelele hadi simu ikakwaruza. "Mwambie hicho chuma nimekipima! Kilo nne! Au anaweka dhahabu ndani?"

"Mzee, shikamoo," fundi alisema akiinamia simu. "Chuma si ghali. Ghali ni muda. Hapa nakereza, hapa nachimba mfereji wa kufungia puli, upande huu nachimba mwingine, mwisho huku nakata uzi wa nati. Halafu unataka nisugue mwili mzima ung'ae. Hiyo ni siku nzima ya mashine."

"Mimi sinunui siku! Nanunua shafti!"

"Basi kanunue kwa wanaouza maharage."

Mjomba akakata simu. Baada ya dakika moja akapiga tena. Eti nimwambie fundi atumie chuma chepesi, ili kilo zipungue.

Fundi Yahaya alicheka kwa uchungu. "Binti, mjomba wako ana hekima ya ajabu. Kile chuma laini pale kinakatwa haraka, ni kweli. Ila kwenye kinu cha mihogo, miezi mitatu umerudi hapa unalia. Hiki kigumu kinadumu, lakini kinakula visu vyangu."

Simu ikaita mara ya tatu. Nimrudishie vipande, mjomba alisema, atampa mchomeleaji wa hapo kijijini aviunge. Nilijua kitakachotokea. Shafti ya kuungwa inapinda, inaua beringi, halafu inakatika tena palepale. Mwaka juzi tuliunga, na aliyelaumiwa nilikuwa mimi.

Nilihisi machozi ya hasira. Mmoja anapiga kelele kwenye simu, mwingine ananipigia kelele usoni, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua ile mashine akapaka grisi. Nikazima simu, nikaitia kwenye kiroba.

"Fundi," nilisema.

"Eeh?"

"Kazi gani hapo inakula muda zaidi?"

Aliniangalia kana kwamba kiroba ndicho kilichosema. Akanionyesha. Sehemu mbili za kukaa beringi, kwa sababu zikizidi hata unywele haziingii, na zikipungua zinacheza. Ule uzi wa nati. Mifereji miwili. Na kusugua.

"Uzi acha," nilisema. "Mwisho ule ulishika feni. Feni tuliitoa zamani. Mfereji wa upande huo nao acha."

"Na tumboni hapa katikati?"

"Tumboni haigusi kitu. Iache na mikwaruzo. Beringi ndizo ziwe sawasawa kabisa."

"Chuma?"

"Kigumu."

Fundi alichukua chaki, akaweka alama nilipotaja. "Mbona hukusema hivi tangu asubuhi? Ulitaka nigombane na mzee wa watu bure!"

"Hukuniuliza mimi."

"Nilikuuliza iweje!"

Ni kweli aliniuliza.

"Tisini na tano," alisema. "Na usinipunguzie, nimeshajipunguza mwenyewe."

Niliongeza elfu tano yangu. Nililala kwa Biubwa, shangazi yake fundi mwenye duka la vitenge, na Jumatano jioni nilikuwa Runazi, nafunga beringi peke yangu huku mjomba akinizunguka akiuliza kwa nini nilizima simu na kwa nini tumboni hapang'ai. Nikamweleza yote, beringi, tumbo na muda.

Alhamisi mnunuzi alikuta foleni ya wanawake kumi na mmoja na kinu kinanguruma. Mjomba alimpokea kwa heshima, akamwambia mashine haiuzwi. Kisha akamshika mkono, akamwonyesha shafti kwa kidole.

"Bwana, hivi vitu watu hawavielewi," alimwambia. "Usimruhusu fundi akusugulie chuma chote. Mimi nilimwambia, beringi tu! Tumboni acha. Unalipia muda, bwana, si kilo."

Mnunuzi alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilifungua mdomo niseme neno. Mama mmoja akanisukumia gunia lake na kuuliza kama nimelala, nikalimimina.